Vijia Vinavyopitisha Ugonjwa Ndani ya Mhogo

Mhogo ulioshikwa na michirizi kahawia haujitangazi. Shambani unasimama vizuri, labda na umanjano kidogo pembeni mwa mishipa ya majani ya chini, na mkulima asiyekuwa na habari anaupita bila kugeuka. Ukichimbuliwa, mzizi ni mnene na ganda lake safi. Mpaka mama lishe aumenye na kuukata vipande ndipo anapokutana na mabaka ya kahawia, makavu, yasiyolainika hata yachemshwe mchana kutwa. Wakati huo gunia limeshalipiwa na nauli imeshakwenda.

Kilichofanya uharibifu huo kiliingia mmeani miezi mingi nyuma, kwa mdomo wa nzi mweupe mwenye urefu wa milimita moja hivi aliyetua juu ya jani changa. Au kilikuwamo tayari kwenye pingili siku ile ya kupanda. Kutoka kwenye jani lile hadi ncha ya mzizi kuna mamilioni ya seli, na kila seli imezungushiwa ukuta wake. Kirusi hakina miguu wala mkia, na hakiwezi hata kuzaliana bila kuazima mitambo ya seli kilimoingia. Kimepita wapi?

Swali hilo lilichukua karibu karne nzima kujibiwa, na baadhi ya kurasa zake za mwanzo ziliandikwa kwetu, katika milima ya Usambara. Mwaka 1894 Mjerumani Otto Warburg aliandika habari za ugonjwa wa huko uliokuwa ukikunja majani ya mhogo na kuyatia mabaka. Ndio huu tunaouita batobato. Miaka minane baadaye serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilifungua kituo cha utafiti pale Amani, juu ya Muheza, na ni mtaalamu wa kituo hicho, Zimmermann, aliyependekeza mwaka 1906 kwamba batobato inaletwa na kirusi. Waingereza walipokirithi kituo, mwaka 1928 akaja H. H. Storey kutoka Afrika Kusini. Storey ndiye aliyeueleza ugonjwa wa michirizi kahawia kwa mara ya kwanza, mwaka 1936.

Lakini jaribio lake ninalolipenda kuliko yote halikuhusu mhogo. Lilihusu milia ya mahindi, ugonjwa unaosambazwa na mdudu mdogo arukaye juu ya majani. Storey aligundua kwamba baadhi ya wadudu hao walinyonya mahindi magonjwa bila kuweza kuambukiza mahindi mazima. Akachukua sindano nyembamba, akawatoboa utumbo. Wadudu walewale wakaanza kuambukiza. Kirusi kilikuwamo matumboni mwao muda wote, ila kilikosa njia ya kutoka kwenye utumbo kwenda kwingine mwilini. Matokeo hayo, aliyoyachapisha mwaka 1933, yana ndani yake jambo ninalotaka kulisema katika makala haya: kirusi kisicho na njia si ugonjwa. Tumezoea kuuliza kirusi ni cha aina gani na kimeletwa na nani, ilhali kinachoamua kama familia itakula au haitakula ni kama mmea umekifungulia.

Tuingie ndani ya mmea wenyewe. Seli ya mnyama ina utando laini tu. Seli ya mmea ina utando na juu yake ukuta mgumu wa selulosi. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea Eduard Tangl alitazama punje za mbegu kwa hadubini akaona nyuzi nyembamba zinazopenya ukutani kutoka seli hadi seli. Mwaka 1901 Eduard Strasburger akazipa jina la plasmodesmata. Mimi nitaviita vijia. Anayeijua Lamu ataelewa haraka: nyumba za mawe zina kuta nene zisizopitisha hata sauti, lakini juu ya kichochoro kuna wikio, kidaraja kinachounganisha nyumba na nyumba, na watu wa ndani hupishana humo bila kukanyaga barabara. Mmea ni mji wa namna hiyo. Sukari inayotengenezwa kwenye jani, madini, na hata ujumbe wa kuagiza chipukizi liwe jani au ua, vyote hupitia vijiani.

Vijia hivyo ni vyembamba mno. Kila kimoja kina upana wa nanomita 20 hadi 50. Vile vipana vikipangwa bega kwa bega, vinatosha 20,000 katika milimita moja. Na si vitupu. Utando wa seli moja unaendelea humo moja kwa moja hadi kuwa utando wa jirani yake, na katikati umepita mrija mwembamba zaidi unaochukua sehemu kubwa ya nafasi. Kinachobaki kwa wasafiri ni mwanya wa nanomita chache. Katika majani mengi hupita molekuli zenye uzito usiozidi dalton 1,000 hivi. Sukari ya kawaida, yenye dalton 342, inapita bila taabu. Kirusi cha batobato ya tumbaku, ambacho ndicho kilichochunguzwa kuliko virusi vyote vya mimea, ni kijiti chenye upana wa nanomita 18 na urefu wa nanomita 300. Kwa hesabu yoyote ile, hakipiti.

Lakini kinapita. Kwa miaka mingi wataalamu walilijua hilo bila kulielewa. Mlango wa maelezo ulifunguliwa na kirusi chenye hitilafu. Mwaka 1978 watafiti wa Kijapani walieleza uzao mmoja wa kirusi cha tumbaku, ulioitwa Ls1, wenye tabia ya ajabu. Kwenye nyuzijoto 22 ulienea kama ndugu zake. Kwenye nyuzijoto 32 uliendelea kuzaliana ndani ya seli uliyoingia, ila haukuvuka kwenda seli ya pili. Jani lilibaki zima, ugonjwa umefungiwa mahali ulipoanzia. Ikaja kubainika kwamba tofauti kati ya Ls1 na kirusi kizima ni asidi ya amino moja tu, katika protini moja ambayo kazi yake haikuwa ikijulikana vizuri.

Roger Beachy na wenzake huko St. Louis, Marekani, walifanya jambo lililomaliza ubishi. Waliichukua jeni ya protini hiyo kutoka kwa kirusi kizima wakaiweka kwenye tumbaku, ili mmea wenyewe uitengeneze. Kisha mwaka 1987 wakaonyesha kwamba katika tumbaku hiyo Ls1 kilivuka seli hadi seli hata kwenye joto. Miaka miwili baadaye, wakishirikiana na William Lucas wa California, wakaingiza ndani ya seli za mmea huo molekuli za rangi zinazong'aa, za ukubwa mbalimbali, wakatazama zipi zitahamia kwa jirani. Katika tumbaku ya kawaida zilipita zile za chini ya dalton 800 hivi. Katika tumbaku yenye protini ya kirusi zilipita hata za dalton 9,400. Hakukuwa na kirusi mle ndani, hakukuwa na ugonjwa wala jeraha. Protini moja pekee ilikuwa imepanua njia zaidi ya mara kumi.

Tangu hapo imeitwa protini ya usafiri, na kila kirusi cha mmea kilichochunguzwa vya kutosha kimekutwa na yake, au na protini zinazogawana kazi hiyo. Kirusi cha tumbaku huvua koti lake la protini, uzi wake wa RNA, wenye maagizo yake ya kijenetiki, ukafungwa na protini za usafiri, ukapenya hivyo hivyo, uchi. Kirusi cha batobato ya kunde kina ukatili zaidi: kinang'oa ule mrija wa katikati ya kijia, kinajenga bomba lake mahali pake, na chembechembe nzima zenye upana wa nanomita 28 hupangana ndani ya bomba hilo moja nyuma ya nyingine hadi upande wa pili. Kijia hicho hakirudi tena kuwa kilivyokuwa.

Mtu angeweza kudhani virusi vilibuni ufundi huu peke yao. Mwaka 1995 Lucas na wenzake walionyesha kwamba mahindi yana protini yake yenyewe, inayohusika na ukuaji wa chipukizi, ambayo nayo hupanua vijia na kuhama seli hadi seli ikiwa imebeba RNA yake. Mmea ulikuwa na ufunguo tangu zamani. Kirusi kimejichongea nakala.

Turudi kwenye mhogo, maana ndipo mambo yanapopendeza, na kutisha. Virusi vya batobato ya mhogo vimegawa maagizo yao ya kijenetiki katika vipande viwili vya DNA, kila kimoja kikiwa ndani ya chembe yake. Kipande A kina maagizo ya kuzaliana na ya kutengeneza koti. Kipande B kina jeni mbili tu, na zote mbili ni za safari: moja hutoa DNA kwenye kiini cha seli, nyingine huipeleka kijiani na kuivusha. Nusu nzima ya kirusi, basi, ni nauli. Kipande A kikiingia peke yake kinaweza kujinakili ndani ya seli moja, lakini kinakwama hapohapo, na mkulima hatajua kwamba kiliwahi kuingia. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa kuonyesha kwamba kuambukiza ni kusafiri.

Virusi vya michirizi kahawia ni ukoo mwingine kabisa, vyenye RNA. Deusdedith Mbanzibwa, mtafiti Mtanzania, na wenzake ni miongoni mwa waliosoma maagizo yao ya kijenetiki mwaka 2009 na kuonyesha kwamba vya ukanda wa Ziwa Victoria na vya mwambao wa Bahari ya Hindi vinatofautiana. Katika ukoo huo mpana, ule wa virusi vya viazi na mazao mengine mengi, protini moja hujijenga kwa umbo la pia mdomoni mwa kijia, tundu lake likielekea upande wa pili. Kinachoielekeza hapo ni protini ndogo ambayo jeni yake imejificha ndani ya jeni nyingine. Wataalamu waliipita miaka na miaka bila kuiona hadi mwaka 2008.

Mwendo wa seli hadi seli ni wa polepole, saa kadhaa kwa kila seli. Kwa mwendo huo ugonjwa usingemaliza hata jani moja kwa wiki kadhaa. Kasi inakuja kirusi kinapofika kwenye floemu, mishipa inayoteremsha sukari, ambamo chakula husafiri sentimita nyingi kwa saa. Mwaka 1934 Geoffrey Samuel aliambukiza jani moja la mnyanya, kisha kila baada ya muda akakata mmea mzima vipande vipande kutazama kirusi kimefika wapi. Kilishuka kwanza mizizini. Kisha kikapanda kwenye majani machanga ya kileleni. Majani ya katikati, makubwa na yaliyokomaa, yakawa ya mwisho. Kirusi kilikuwa kinafuata sukari, na sukari huenda panapokua au panapohifadhi chakula. Katika mhogo, ghala kuu la chakula ni mzizi. Nzi mweupe naye hunyonya humohumo kwenye floemu, kwa hiyo mgeni anashushwa barabarani moja kwa moja. Na shina tunalolikata kuwa mbegu ndilo barabara yenyewe.

Mmea haukai kimya. Unapohisi kuvamiwa hurundika mdomoni mwa vijia sukari nzito iitwayo kalosi, na mwanya unabanwa. Silaha ya pili ina akili zaidi: mmea hukatakata RNA ya kirusi kuwa vipande vidogo, vipande hivyo vikatumika kuitambua na kuiharibu RNA kama hiyo popote ilipo. Vipande hivyo navyo husafiri vijiani, vikitangulia mbele kuonya seli zisizofikiwa bado. Kwa hiyo katika vijia vilevile kuna mashindano ya mbio kati ya onyo na ugonjwa. Mmea ukifunga kila kitu unazuia kirusi, lakini unazuia pia onyo na sukari. Virusi kwa upande wao vina protini za kunyamazisha onyo.

Uganda ilionyeshwa maana ya mbio hizo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilianza kaskazini ya kati ya nchi hiyo, ikawa inasonga kusini kilomita 20 hadi 30 kila mwaka. Watu waliacha kulima mhogo. Palipokuwa hapana zao jingine la kukimbilia, njaa iliingia. Katikati ya miaka ya 1990 ikavuka hadi magharibi mwa Kenya, na kabla ya mwaka 2000 ilikuwa imefika Kagera. Mwaka 1997 watafiti walibaini kwamba kirusi cha Uganda ni chotara, kipande cha jeni ya koti ya kirusi kiitwacho cha Kiafrika kikiwa kimeingia ndani ya kirusi kingine kiitwacho cha Afrika Mashariki, vyote viwili vya batobato. Mimea iliyoharibika vibaya zaidi ilikuwa na chotara huyo pamoja na kirusi cha Kiafrika kwa wakati mmoja. Baadaye ikaonekana kwamba kila kimoja kinanyamazisha onyo la mmea kwa protini tofauti. Kimoja peke yake, mhogo mara nyingi hupata nafuu. Viwili pamoja, hauna pa kushika.

Mwili wa binadamu hauna kuta za selulosi, lakini mkasa unafanana. Seli za ngozi na za njia ya hewa zimeshikamana kwa protini maalumu, na kirusi cha surua hutumia mojawapo ya protini hizo za maungio ili kufika kwenye njia ya hewa na kukoholewa nje. VVU hupita kwa wepesi mkubwa pale seli mbili za kinga zinapogusana. Hayo yanastahili makala yake.

Sasa turudi kwenye mhogo: kule Amani walifanya nini kuukinga? Storey na Nichols, na baadaye Jennings, waliuzalisha mhogo kwa kuuchanganya na jamaa zake wa porini, hasa mti wa mpira wa Ceará. Waliwachanganya chotara hao na mhogo tena na tena hadi mizizi ikarudi kuwa ya kulika. Aina moja iliyotoka huko ingali mashambani: Kenya wanaiita Kaleso, kusini mwa Tanzania ni Namikonga. Inakinza michirizi kahawia kuliko aina nyingi zilizokuja baada yake, na wazalishaji mbegu wa leo bado wanaitumia kama mzazi. Katika aina zenye ukinzani kirusi mara nyingi kinaingia, lakini hakienei mmea mzima. Sehemu nyingine za shina hubaki safi kabisa, na pingili iliyokatwa hapo huchipua mhogo usio na ugonjwa. Katika baadhi ya aina kirusi kimekutwa kimefungiwa ndani ya floemu, kimeshindwa kutoka kwenda kwenye seli za pembeni.

Ukinzani huo usichanganywe na uvumilivu. Kiroba, aina inayopendwa sana Pwani, huambukizwa michirizi kahawia lakini mizizi yake haiozi sana. Mkulima anashukuru, na ana haki. Hata hivyo shamba la Kiroba linaweza kuwa limejaa kirusi huku likipendeza macho, na nzi weupe wanachota humo kupeleka kwa jirani aliyepanda aina dhaifu. Kwa maoni yangu tumeimba mno sifa za mhogo unaovumilia na kusahau ule unaofunga njia. Wa kwanza unamwokoa mwenye shamba. Wa pili unakiokoa kijiji.

Kuna njia ya tatu, ya kuupa mhogo lile onyo la RNA mapema kupitia maabara. Kituo cha Danforth cha St. Louis, ambacho rais wake wa kwanza alikuwa Beachy yuleyule wa tumbaku, kilishirikiana na taasisi za utafiti za Kenya na Uganda kutengeneza mhogo unaozalisha vipande vya RNA dhidi ya michirizi kahawia kabla haujavamiwa. Mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa viumbe ya Kenya iliuruhusu utolewe shambani kwa masharti. Ubishi kuhusu mazao ya jeni zilizobadilishwa ni mrefu na hautaisha leo, ila anayeupinga mhogo huu angefaa kwanza kujua ni mbio zipi unazokusudiwa kuzishinda.

Wakati wabishi wakibishana, pingili zinaendelea kusafiri juu ya baiskeli, pikipiki na malori. Kirusi cha michirizi kahawia hakikai kwa nzi mweupe zaidi ya siku chache, kwa hiyo mdudu hakipeleki mbali. Anayekivusha kutoka wilaya hadi wilaya ni binadamu mwenye mzigo wa miti ya mhogo mabegani. Tanzania ina TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, inayokagua na kuthibitisha mashamba ya mbegu za mihogo, lakini mashamba hayo ni machache na wengi wetu bado tunaomba mbegu kwa shemeji. Halmashauri zinazogawa pingili bure kila msimu zidai kwanza cheti cha ukaguzi. Na wewe unayepanda mvua hizi, usikate mbegu kwa kutazama majani. Chimbua shina unalolitaka, kata mizizi yake yote vipande, na ukiona baka moja la kahawia, usichukue hapo hata pingili moja.